Maganlal Gandhi na Gazeti la Baba Yake Mdogo

Jina la Mahatma Gandhi hutajwa mara nyingi hekaluni petu. Ni wachache miongoni mwetu wamtajao Maganlal, ambaye kwa miaka kumi alitia mikono yake wino ili maneno ya Gandhi yawafikie watu. Katika kitabu hiki cha kumbukumbu tumeona ni haki tumweleze.

Alizaliwa mwaka 1883, mwana wa Khushalchand, binamu yake Mohandas Gandhi. Kwa desturi za hapa kwetu, basi, Gandhi alikuwa baba yake mdogo. Kama vijana wengi wa Gujarati wa zama zile, wakiwamo mababu wa baadhi yetu, alivuka bahari kutafuta riziki. Akafuatana na baba mdogo hadi Afrika Kusini, akaingia katika biashara huko Natal.

Gazeti la Indian Opinion, lililoanzishwa Durban mwezi wa Juni 1903 ili kutetea haki za Wahindi, lilikuwa likila fedha za Gandhi bila kushiba. Mwaka 1904 akanunua shamba huko Phoenix, nje ya Durban, akahamishia mitambo ya chapa huko, akawaomba jamaa zake wakaishi na kufanya kazi kwa posho ya paundi 3 kwa mwezi. Baadhi walikubali, kisha wakarudi kwenye biashara zao. Maganlal aliiacha yake moja kwa moja.

Hakuwa amewahi kufanya kazi ya chapa. Kila mkazi wa Phoenix alitakiwa kujifunza kupanga herufi za risasi, moja baada ya moja, na katika kazi hiyo Maganlal aliwapita wote, akiwamo baba mdogo mwenyewe. Gandhi aliishi Johannesburg akifanya uwakili, na makala zake zilifika kwa posta, kwa mwandiko ambao yeye mwenyewe aliuonea haya. Anayejua kuusoma mwandiko mbaya wa mzee wa nyumbani ataielewa kazi hiyo.

Wahindi wa Transvaal walipokataa kujiandikisha kwa sheria ya kuwadhalilisha, mapambano yao yaliitwa kwa jina la Kiingereza ambalo Gandhi hakulipenda. Gazeti likatangaza shindano la kutafuta jina jipya. Maganlal alipeleka neno sadagraha, yaani uthabiti katika jambo jema. Gandhi akalipenda, lakini akaligeuza kuwa satyagraha, uthabiti katika ukweli. Dunia ikalipokea neno hilo la pili, na mwenye la kwanza akarudi kwenye herufi zake.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 1913. Hukumu ya mahakama ya Cape ilikuwa imezinyima uhalali ndoa zisizofungwa kwa taratibu za Kikristo, na wake zetu wa Kihindu na wa Kiislamu wakahesabiwa kama si wake. Wanawake wa Phoenix wakajitolea kwenda jela. Santok, mke wa Maganlal, alikuwa miongoni mwao pamoja na Kasturba, wakahukumiwa miezi mitatu na kazi ngumu. Maganlal alitakiwa kubaki Phoenix: lazima gazeti litoke, na watoto waangaliwe. Kwetu sisi, kubaki huko hakukuwa kwepesi kuliko jela.

Hatukusudii kumfanya malaika. Mwaka 1915, Gandhi alipoipokea ashramuni familia ya watu walioitwa najisi, Santok alipinga, na mume na mke wakaondoka kwa muda kwenda Madras. Huko Maganlal akajifunza kufuma. Baada ya kurudi, alikuja kuwa msimamizi wa ashramu ya Sabarmati na fundi mkuu wa gurudumu la kusokotea uzi.

Alifariki Patna tarehe 23 Aprili 1928, akiwa na umri wa miaka 44 au 45. Gandhi aliandika kwamba amebaki kama mjane.