Walther Nernst na Fumbo la Kioo

Mwezi wa Desemba, 1905, profesa mmoja mfupi wa kimo alikuwa akifundisha mjini Berlin, Ujerumani. Inasimuliwa kwamba, akiwa bado anasema mbele ya wanafunzi, lilimjia wazo ambalo baadaye lilihesabiwa kuwa kanuni ya tatu ya elimu ya joto. Profesa huyo ni Walther Nernst, aliyezaliwa tarehe 25 Juni, 1864, katika mji wa Briesen, ambao siku hizi umo nchini Poland.

Wakati huo alikuwa amekwisha pata jina na mali. Katika ujana wake alisoma kwa Ludwig Boltzmann huko Graz, kisha akabuni taa ya umeme ambayo haki zake aliziuza kwa kampuni ya AEG kwa fedha nyingi. Lakini fahari yake hasa ilikuwa kanuni ile. Alipenda kuhesabu kwamba kanuni ya kwanza ilivumbuliwa na watu watatu, ya pili na wawili, na ya tatu na yeye peke yake. Kwa hiyo ya nne haiwezi kuwapo.

Kanuni yenyewe yahusu entropia, yaani kipimo cha wingi wa namna ambazo chembe za kitu zaweza kupangika. Kimiminika kina namna nyingi kupita kiasi; fuwele, ambayo chembe zake zimejipanga kama askari katika gwaride, ina chache. Nernst alisema kwamba kadiri joto linavyoshuka kuelekea sifuri halisi, yaani nyuzi 273 chini ya sifuri ya Sentigredi, ndivyo tofauti za entropia baina ya hali mbalimbali za kitu zinavyotoweka.

Vita vya 1914 vilipozuka, alijitolea kuwa dereva wa jeshi ingawa umri wake ulikuwa miaka 50. Alirudi salama, wanawe wa kiume wawili, ambao hakuwa na wengine, waliuawa vitani. Nishani ya Nobel ya kemia ya mwaka 1920 ilimkuta baba aliyefiwa.

Ndipo likaja jambo la gliserini. Mwaka 1923, huko California, Gibson na Giauque waliipima gliserini iliyo fuwele na ile iliyopozwa hadi ikawa kioo. Kwa hesabu yao, hata kwenye sifuri halisi kioo kilibaki na entropia kuliko fuwele. Kanuni ya Nernst ilikuwa hatarini.

Aliyeiokoa ni mwanafunzi wake, Franz Simon, na hakuiokoa bila kuipunguza. Alionyesha kwamba kanuni yahusu vitu vilivyofikia mizani ya ndani tu, na kioo hakijaifikia. Kimiminika kinapopoa, chembe zake huzidi kuwa nzito kusogea. Gliserini ikifika kiasi cha nyuzi 85 chini ya sifuri, muda zinaouhitaji kujipanga upya hupita muda anaoutoa mpimaji. Ni kama amri ya kusimama iliyotolewa kabla askari hawajaingia mistarini: kila mmoja hubaki pale alipokutwa, na vurugu ile ndiyo entropia iliyobaki.

Mwaka 1933, Wanazi waliposhika serikali, Simon, aliyekuwa Myahudi, alihamia Oxford. Nernst, ambaye mabinti zake wawili waliolewa na Wayahudi, alistaafu akakaa shambani kwake Zibelle akifuga samaki. Yasemekana alichagua samaki kwa sababu wanyama wenye damu ya moto humfanya mfugaji apashe ulimwengu joto kwa fedha zake, ilhali samaki wamo katika mizani na maji yao. Alifariki huko tarehe 18 Novemba, 1941.

Miaka saba baadaye, Mmarekani Walter Kauzmann aligundua jambo la ajabu zaidi. Entropia ya kimiminika kilichopozwa bila kuganda hushuka upesi kuliko ya fuwele, hata ingeonekana kuwa sawa nayo kabla ya kufika sifuri halisi, lau kioo kisingetangulia kuizuia. Mwaka 1965, Adam na Gibbs walitoa hoja kwamba upungufu huo wenyewe ndio unaozifunga chembe: namna za kujipanga zikiwa chache, chembe nyingi hulazimika kusogea pamoja, na mwendo hudorora. Wataalamu wangali wakibishana kama ndivyo.