Kabla ya PDF, kulikuwa na Krapf

Ingia saiba yoyote Bondeni wiki ya mitihani ya chuo. Utaona mtu anaburuta faili ya kurasa mia tatu kwa kidole, juu, chini, juu tena. Jibu limo humo ndani, noti zimeruhusiwa, lakini saa mbili zinayoyoma na hajui liko ukurasa gani. Kuna jamaa wa kitambo aliyehangaika na shida inayofanana na hii karibu maisha yake yote, ila shuleni tulifunzwa habari zake nyingine.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa 1810 Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani. Vitabu vya historia vinamsifu kwa kuuona Mlima Kenya Desemba 1849 akiwa Ukambani, utadhani Wakikuyu, Waembu na Wameru walikuwa wamefumba macho. Kabla ya hapo alikuwa mmishonari Ethiopia, akazuiwa kurudi Shoa, na mwaka 1844 akafika Mombasa na mkewe Rosine. Julai mwaka huohuo homa ikamuua Rosine, na mtoto wao mchanga akafariki pia. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hoi. Alipopata nafuu akajitosa kwenye Kiswahili.

Sasa, maneno hayaji kwa mpangilio. Leo unasikia la chakula, kesho la ugonjwa. Ukiyaandika vile yalivyokuja, baada ya miaka michache una rundo tu. Mwaka 1850 alichapisha Tübingen orodha ya lugha sita za Afrika Mashariki zikiwa ubavu kwa ubavu, Kiswahili kikiwa mojawapo. Waza Excel: unashuka na neno la Kiingereza, kisha unavuka hadi lugha unayotaka.

Kamusi kamili ilikuwa na kisirani zaidi. Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno. Watoto utamweka wapi, kwenye W au M? Krapf alimweka mtoto kwenye M, na wingi wake pembeni. Ukijua umoja, umefika.

Simu yako haijui hayo, bana. Ukitafuta “mwandishi” kwenye PDF, itakuruka “waandishi” na “uandishi”. Andika “andi” pekee na yote yatajitokeza, pamoja na takataka kidogo. Hilo ni la dakika ya mwisho. La mapema ni kuvipa vichwa vya sura mtindo wa kichwa, si kukoleza wino tu, ndipo programu ikutengenezee yaliyomo ya kubofya. Ukiisha kuigeuza PDF, bofya kila kiungo kabla ya siku yenyewe.

Krapf hakuwa na cha kubofya. Afya ilimrudisha Ulaya 1853, akakaa Korntal, na kando na safari chache, moja ikiwa ya kurudi Mombasa 1862, aliendelea kuongeza na kupanga. Mwenzake wa Rabai, Johannes Rebmann, alibaki Afrika hadi 1875, akarudi akiwa karibu kipofu, akafa mwaka uliofuata.

Krapf alifariki Novemba 1881. Kamusi yake, zaidi ya kurasa 400 kutoka A hadi Z, ilitoka London mwaka 1882. Hakuwahi kuifungua ikiwa kitabu.