Ngoma Nyuma ya Gitaa la Hendrix

Jina la Jimi Hendrix likitajwa mbele ya wapenzi wa muziki, kinachowajia akilini mara moja ni gitaa. Watakueleza jinsi alivyolipiga kwa mkono wa kushoto, jinsi alivyolichoma moto mbele ya umati wa watu, na jinsi alivyofariki mjini London tarehe 18 Septemba 1970 akiwa na umri wa miaka 27 tu. Nakiri kwamba nami nilikuwa miongoni mwa hao. Nilikuwa na kaseti moja ya nyimbo zake, iliyonakiliwa vibaya kutoka kwenye sahani ya santuri, na niliisikiliza kwa miaka kadhaa bila kujua hata jina la aliyekuwa akimpigia ngoma.

Kilichonifungua masikio ni ubovu wa redio. Redio-kaseti yangu iliharibika spika ya upande mmoja, na kwa kuwa wahandisi wa sauti wa zama zile walikuwa na mazoea ya kukielekeza chombo kimoja kushoto na kingine kulia, katika baadhi ya nyimbo gitaa lilififia na ngoma zikabaki karibu peke yake. Nilidhani nitasikia mtu akihesabu mapigo tu, moja, mbili, tatu, nne, kama mlinzi anayepiga kengele ya shule. Hasha! Nilisikia mtu anayezungumza. Alikuwa akiuliza, akijibu, akikatiza na kucheka, kisha akinyamaza kidogo ili mwenzake apate nafasi ya kusema. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimtafuta mtu huyo katika vitabu na magazeti.

Jina lake lilikuwa John Mitchell, ila dunia ilimjua kama Mitch. Alizaliwa Ealing, magharibi mwa London, muda mfupi baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kabla ya kushika vijiti vya ngoma alikuwa mwigizaji, tena si wa kubahatisha. Mwaka 1958 alikuwa mhusika mkuu wa mchezo wa televisheni wa shirika la BBC uliotokana na vitabu vya Anthony Buckeridge kuhusu mvulana mtundu wa shule ya bweni aitwaye Jennings. Mitchell ndiye aliyekuwa Jennings. Yamkini hapo ndipo alipojifunza jambo ambalo wapiga ngoma wengi hawalijui, kwamba mwigizaji hodari husikiliza maneno ya mwenzake kabla ya kutamka yake.

Akiwa kijana alifanya kazi katika duka la vyombo vya muziki la Jim Marshall, huko huko magharibi mwa London. Marshall mwenyewe alikuwa mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma, na Mitchell alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Mwalimu huyo ndiye aliyeanza, mnamo mwaka 1962, kutengeneza mitambo ya kukuza sauti za magitaa ambayo hadi leo ina jina lake. Baadaye Hendrix aliipenda mitambo hiyo kuliko yote, na aliyempeleka kwa Marshall ni Mitchell. La kustaajabisha ni kwamba jina kamili la Hendrix lilikuwa James Marshall Hendrix, sawasawa na majina ya fundi yule. Mimi si mtu wa kuamini mambo ya nyota, lakini sadfa hii hunifurahisha kila ninapoikumbuka.

Mitchell alipiga ngoma katika bendi kadhaa, ikiwemo The Riot Squad, kisha akaingia katika kundi la Georgie Fame, The Blue Flames, lililokuwa likipiga muziki wenye asili ya jazi. Mwanzoni mwa Oktoba 1966 Fame alilivunja kundi hilo, na Mitchell akajikuta hana kazi. Majuma mawili hayakupita kabla ya kupata nyingine.

Siku chache kabla ya hapo, tarehe 24 Septemba, Hendrix alikuwa ametua London kutoka New York. Aliyemleta ni Chas Chandler, aliyekuwa mpiga besi wa bendi ya The Animals. Hendrix alikuwa mzaliwa wa Seattle, askari wa zamani wa kikosi cha miavuli, na kijana aliyekuwa amechoka kuwapigia gitaa wakubwa kama Little Richard na The Isley Brothers huku akikatazwa kujitokeza mbele. Sasa alihitaji bendi yake mwenyewe. Noel Redding, mpiga gitaa aliyekuja kutafuta kazi kwingine, alipewa besi. Kwa upande wa ngoma walibaki wawili, Mitchell na Aynsley Dunbar. Imesimuliwa mara nyingi kwamba Chandler na Hendrix walishindwa kuamua nani bora, wakarusha sarafu. Ikamwangukia Mitchell. Tarehe 13 Oktoba kundi la The Jimi Hendrix Experience lilikuwa jukwaani Évreux, Ufaransa, na siku tano baadaye katika ukumbi wa Olympia mjini Paris.

Hapa nawaomba wasomaji wangu, hasa walimu wa muziki, tusimame kidogo. Katika bendi nyingi za roki, mpiga ngoma na mpiga besi huwa ni kama msingi wa nyumba. Hushikamana wao kwa wao, na mpiga gitaa hujenga juu yao. Katika kundi la Hendrix mpango huo ulipinduliwa. Redding, ambaye hakuwa mpiga besi kwa asili, alishika mstari mmoja ulio wazi na kuutunza. Mitchell alimwacha hapo akaenda kushikamana na gitaa. Hendrix akipanda, Mitchell alipanda naye, na Hendrix akikata sauti ghafla, Mitchell aliijaza nafasi ile kwa mvua ya mapigo. Mtindo huu hakuutoa katika roki. Aliutoa katika jazi, hususan kwa Elvin Jones, mpiga ngoma wa John Coltrane, ambaye mapigo yake yalizunguka kama mawimbi badala ya kupiga hatua kama askari wa gwaride.

Anayetaka ushahidi na ausikilize wimbo Manic Depression wa mwaka 1967. Kipimo chake ni cha mapigo matatu, kipimo cha dansi ya wazungu iitwayo waltzi, lakini Mitchell anakigeuza kuwa gurudumu linalobingirika mlimani. Katika Third Stone from the Sun, toazi lake linapiga jazi tupu ilhali gitaa linanguruma kama injini. Nao wimbo Fire, ukiondoa ngoma zake, hausimami hata kidogo. Kwetu sisi tunaosema Kiswahili jambo hili halikupaswa kuhitaji maelezo marefu, maana neno ngoma kwetu ni chombo, ni mchezo, na ni shughuli nzima. Hata hivyo, katika tamasha za muziki za shule zetu, mara ngapi tumempigia makofi kiongozi wa wimbo na kumsahau mtoto aliyeinama juu ya ngoma?

Mambo yalikwenda kasi. Albamu mbili zilitoka mwaka 1967, na ya tatu, Electric Ladyland, Oktoba 1968. Juni 1967 walipiga Monterey, California, siku ile Hendrix alipolichoma gitaa. Picha za moto ule zimezunguka dunia nzima. Mimi nauona moto wenyewe kuwa kiini macho, na kwamba kilichowashinda watu siku ile kilikwisha kusikika kabla ya kiberiti kuwashwa. Mfano bora wa urafiki wao uko katika Voodoo Chile, wimbo wa takriban dakika 15 uliorekodiwa alfajiri moja ya Mei 1968. Redding hakuwemo. Besi ilipigwa na Jack Casady na kinanda na Steve Winwood, wote wageni. Aliyebaki na Hendrix kutoka kundi lake ni Mitchell peke yake, na katika dakika hizo zote hakuna mahali wawili hao wanapopoteana.

Desemba mwaka huo huo, John Lennon alipotaka bendi ya siku moja kwa ajili ya filamu ya The Rolling Stones, aliwachukua Eric Clapton na Keith Richards, na kwenye ngoma akamweka Mitchell. Kwa hiyo hakuwa mtu aliyebebwa na jina la Hendrix tu.

Kundi lilivunjika Denver, Juni 1969, Redding alipojiondoa. Mitchell alirudi kwao Uingereza, lakini Hendrix alipomwita aje kupiga Woodstock, alikuja. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 18 Agosti 1969, wakati sehemu kubwa ya umati ilikuwa imekwisha kuondoka, Hendrix aliupiga wimbo wa taifa la Marekani kwa gitaa lake jeupe mpaka ukatoa vilio vya mabomu na ndege za vita. Wengi hudhani alikuwa peke yake. Tega sikio, utamsikia Mitchell nyuma yake akiviringisha ngoma kama radi ya mbali.

Ukweli unanilazimu kusema kwamba urafiki huo wa muziki haukuwa wa kudumu bila kukatika. Mwishoni mwa 1969 Hendrix alimchukua Buddy Miles, mtu wa mapigo mazito yasiyoyumba, akaunda naye kundi la Band of Gypsys pamoja na Billy Cox, rafiki yake wa tangu jeshini. Wapo wanaoshikilia kwamba Miles ndiye aliyemfaa Hendrix zaidi, na akisikia Machine Gun waliyoipiga New York usiku wa mwaka mpya wa 1970, mtu hawezi kuwapuuza. Wakati huo Mitchell alikuwa akizunguka na Jack Bruce. Lakini kundi la Miles halikumaliza hata Januari. Ilipofika Aprili, Hendrix alikuwa njiani tena, Cox kwenye besi na Mitchell kwenye ngoma. Kwa maoni yangu Miles alimpa Hendrix ardhi ya kusimama, lakini Mitchell alimpa mtu wa kuongea naye, na hiyo ndiyo sababu ya kumrudia.

Onyesho la mwisho lilikuwa katika kisiwa cha Fehmarn, Ujerumani, tarehe 6 Septemba 1970. Kwa masimulizi ya Mitchell mwenyewe, usiku wa tarehe 17 walikuwa wamepatana kukutana London wapige muziki pamoja na Sly Stone. Hendrix hakutokea. Kulipopambazuka alikuwa amekufa.

Kilichofuata ndicho kinachonigusa kuliko yote. Mitchell alisafiri hadi Seattle kwa mazishi, kisha akarudi katika studio ya New York ambayo Hendrix alikuwa ameifungua mwezi Agosti tu, akaketi na mhandisi Eddie Kramer kuzikamilisha nyimbo zilizoachwa nusu. Mwezi Oktoba alipiga upya ngoma za wimbo Angel. Hebu fikiri, msomaji! Mtu amevaa vidude vya masikioni, anamsikia rafiki aliyezikwa majuzi akiimba na kupiga gitaa, naye anamwitikia. Albamu hiyo, The Cry of Love, ilitoka Machi 1971.

Baada ya hapo mambo yalipungua. Alijiunga na kundi la Ramatam, halikufika mbali. Fedha nazo zilikuwa mtihani. Mkataba wa kurekodi ulitiwa sahihi mwezi ule ule wa Oktoba 1966, na vijana wenye umri wa miaka ishirini na kitu aghalabu hawasomi mikataba. Katika miaka ya 1970 Mitchell na Redding, kila mmoja kwa wakati wake, walikubali malipo ya mara moja na kuacha madai yao, kabla ya mtu yeyote kujua kwamba santuri hizo zingegeuzwa kuwa diski na kuuzwa upya mara nyingi. Redding alifariki mwaka 2003. Warithi wa wote wawili waliishtaki kampuni ya Sony mjini London, na Januari 2024 jaji wa Mahakama Kuu aliamua kwamba madai yao yastahili kusikizwa kikamilifu. Mtu aweza kubishana kuhusu sheria. Lakini atakayesema kwamba Mitchell alikuwa kibarua wa kupigia wengine ngoma, huyo na aondoe spika moja ya redio yake, kama ilivyonitokea mimi.

Lile gitaa jeupe la Woodstock Hendrix alimpa Mitchell. Alikaa nalo kwa takriban miaka 20, na mwaka 1990 akaliuza katika mnada wa Sotheby's, London, kwa pauni 198,000. Zamani nilimlaumu. Sasa silaumu, maana mwenye njaa haulizwi kwa nini ameuza zawadi. Gitaa hilo liliishia mikononi mwa Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Microsoft, akaliweka katika jumba la makumbusho mjini Seattle.

Mwaka 1992 kundi lao liliingizwa katika jumba la heshima la wanamuziki wa roki, nao Mitchell na Redding walikuwepo kuipokea heshima hiyo. Mwaka 2008 Mitchell, ambaye afya yake ilikuwa imedhoofika, alijiunga na msafara wa wanamuziki waliokuwa wakizunguka Marekani kupiga nyimbo za Hendrix, Billy Cox akiwa miongoni mwao. Msafara ulimalizikia Portland, jimbo la Oregon. Siku chache baadaye, tarehe 12 Novemba, alikutwa amefariki chumbani mwake hotelini, kwa maradhi ya kawaida. Kutoka Portland hadi Renton, kitongoji cha Seattle alikozikwa Hendrix, ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari.