Mutisya Munge na Uraibu Uliozaa Riziki

Neno uraibu lina bahati mbaya katika lugha yetu. Kamusi hulitaja kwanza pamoja na tumbaku, tambuu na sigara, kisha ndipo huongeza maana ile wanayoijua wanafunzi wetu, yaani jambo ambalo mtu hupenda kulifanya mara kwa mara kwa kujifurahisha. Pengine ndiyo sababu wazazi na walimu wengi humtazama kijana mwenye uraibu kwa jicho lile lile wanalomtazamia mvuta sigara. Mvulana anayejifunza nyumbani kupika wali hadi kila punje ikajitenga na nyenziwe huambiwa kuwa jikoni si mahali pake. Msichana anayekesha akitazama filamu za kubuni kuhusu vyombo vya anga na sayari za mbali huambiwa kuwa anapoteza macho na wakati. Naye yule anayechora pembeni mwa daftari la hisabati hupewa adhabu ya kung'oa visiki.

Nimefundisha katika shule kadhaa za Machakos, na nimewahi kushuhudia gari la waya, lenye usukani unaozunguka na magurudumu ya vifuniko vya chupa, likitupwa jalalani mbele ya macho ya mtoto aliyeliunda. Kosa lake lilikuwa kuja nalo darasani. Hakuna aliyemwuliza namna alivyoweza kuufanya usukani ule uyageuze magurudumu ya mbele. Ama kwa hakika, swali hilo lilistahili kuulizwa kabla ya adhabu.

Kwa sababu hiyo, leo nimeona heri nisimulie maisha ya mtu mmoja wa papa hapa kwetu. Kila anayesafiri kutoka mjini Machakos kuelekea Kitui hupita Masii, kisha akafika Wamunyu. Huko ndiko alikotoka Mutisya wa Munge, mtu ambaye Wakamba wengi humhesabu kuwa baba wa uchongaji wao wa kisasa. Watalii waliobeba twiga na vifaru wa mti kutoka Kenya hawalijui jina lake, na sina hakika kwamba wanafunzi wote wa Machakos wanalijua.

Mutisya hakuzaliwa katika watu wasiojua kazi za mikono. Wakamba walikuwa mafundi tangu kale. Walifua chuma, wakasokota mikufu myembamba ya shaba iliyosifika hata nje ya Ukambani. Walichonga mizinga ya nyuki, vinu, mikuki, mishale na vibweta vya ugoro. Zaidi ya yote walichonga vigoda vya wazee, vyenye miguu mitatu, na juu yake wakapachika nyuzi za shaba kwa ustadi mkubwa, zikazunguka na kupindana mithili ya urembo wa nguo. Kigoda cha namna hiyo hakikuwa kiti tu. Kilikuwa heshima ya mwenyewe, naye alikwenda nacho barazani.

Katika mazingira hayo Mutisya alipata jina la fundi mwema kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Alichonga vigoda na bakora. Hiyo haikuwa kazi ya kumtajirisha mtu. Mkamba wa siku zile aliishi kwa shamba lake na mifugo yake. Kuchonga kulifanywa wakati mwingine: jua linapokuwa kali, mtu akakaa kivulini na tezo yake, au mavuno yakiisha kukusanywa. Kwa ufupi, kulikuwa uraibu, nao ulimtambulisha mtu kwa wenzake.

Mwaka wa 1914 vita vilizuka Ulaya, na moto wake ukafika huku kwetu. Waingereza waliokuwa Kenya walipigana na Wajerumani waliokuwa Tanganyika. Nchi ilikuwa pana, barabara hazikuwapo, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Mzigo wote ukaangukia mabega ya Waafrika. Wanaume walikusanywa kwa malaki, wakabebeshwa risasi na vyakula vya majeshi. Makumi ya maelfu yao hawakurudi, na wengi wa hao waliuawa na njaa na maradhi kuliko risasi. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zilipata majina yao kutokana na kikosi hicho cha wapagazi. Wakamba walichukuliwa kwa wingi, na Mutisya alikuwa miongoni mwa waliokwenda Tanganyika kulitumikia jeshi la Waingereza.

Wenzake wengi walirudi na makovu na visa vya kuhuzunisha. Mutisya alirudi na maarifa. Katika pande za Dar es Salaam, mji ambao Waingereza waliutwaa mwaka wa 1916, alikutana na wachongaji wa kabila jingine. Masimulizi mengi huwataja kuwa Wazaramo, ijapokuwa wapo wanaosema ni Wamakonde. Wazaramo ni wenyeji wa pwani ile, na ni mafundi wa miaka mingi. Hao ndio wenye mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti anachopewa mwali wakati wa kuwekwa ndani. Mutisya aliona huko jambo ambalo hakuwa amelizoea kwao: mti mgumu na mweusi wa mpingo ukigeuzwa sura ya mtu au mnyama, na sura hiyo ikiuzwa kwa mgeni kwa sababu inapendeza macho tu. Kigoda hukaliwa na kinu hutwangiwa, lakini sanamu ile haikuwa na kazi nyingine ila kutazamwa.

Msomaji, hebu tafakari jambo hilo kidogo. Mtu huyu yumo vitani, hakujichagulia kwenda huko, na kesho yake haijui. Mwenye haki ya kusema hana nafasi ya uraibu ni yeye. Hata hivyo, jicho la fundi halikulala. Alisimama, akatazama namna mwenzake anavyoushika mti na mahali anapoanzia kuuchonga, kisha akajifunza. Wala hakuona haya kufundishwa na watu wa lugha na mila nyingine. Mtu asiyekuwa na shauku angepita njia hiyo hiyo, akawaona wachongaji hao hao, na asikumbuke chochote.

Vita vilikwisha mwaka wa 1918, naye akarudi Wamunyu. Akaanza kuchonga sanamu. Inasimuliwa kwamba mwanzoni aliufanya ujuzi huo kuwa siri, akawafundisha jamaa zake wa karibu peke yao. Wanunuzi wa awali walikuwa Wazungu waliokuwa wakiishi nchini. Fedha zilizopatikana hazikuwa haba kwa nyakati zile, hasa ukizingatia kwamba serikali ya kikoloni ilidai kodi kwa fedha taslimu, na kijana asiye na fedha alilazimika kwenda kuwa kibarua katika shamba la mlowezi. Majirani waliona kwamba nyumba moja imepata njia ya kulipa kodi bila kuliacha boma. Siri ya namna hiyo haifichiki. Moshi hauzibwi kwa kiganja.

Mutisya hakuishi kuyaona matunda yote ya kazi yake. Alifariki muongo ule wa 1920 ukiwa haujaisha, na uchongaji ulikuwa bado jambo la familia chache. Lakini mbegu ilikwisha kuota. Jamaa wakawafundisha jamaa, jirani akamfundisha jirani, na kabla ya Vita Vikuu vya Pili uchongaji ulikuwa umeenea Wamunyu na vijiji vya kando yake. Vita hivyo vilileta wanajeshi wengi wa kigeni waliotaka kumbukumbu za kupeleka makwao. Baada yao wakaja watalii. Wachuuzi wa Kikamba wakatandaza bidhaa zao katika njia za Nairobi na Mombasa, wakavuka mipaka hadi Uganda na Tanganyika, na wengine wakafika mbali zaidi. Mwaka wa 1963, ule ule tuliopata uhuru, wachongaji wa Mombasa waliunda chama chao cha ushirika kule Changamwe, na katika miaka hiyo hiyo ya 1960 Wamunyu nayo ikapata chama chake. Maelfu ya watoto wamelipiwa karo kwa fedha za twiga, swara, vijiko vya saladi na sanamu za morani wa Kimaasai. Baadhi ya watoto hao ni walimu wenzangu leo.

Sitaki kusimulia hadithi hii kana kwamba haina kivuli. Kazi ilipokuwa biashara kubwa, wachongaji wengi waliacha kubuni. Mtu mmoja alichonga faru mwaka mzima kwa sababu faru ndiye aliyeagizwa, na mwenzake akawa wa kupiga msasa na kupaka rangi ya viatu tu. Shauku iliyomfanya Mutisya asimame na kutazama ikapungua. Pili, miti iliteketea. Mpingo uliadimika, wachongaji wakahamia mhugu, nao mhugu ukaadimika katika misitu mingi, kwa kuwa ni mti unaokua polepole mno. Siku hizi wengi huchonga mwarubaini, jakaranda na mwembe, miti inayokua upesi na kupandwa na watu. Hilo ni jambo jema, bali lingekuwa jema zaidi kama tungelianza mapema. Anayekata mti wa babu yake na asipande wa mjukuu wake amekopa asichokusudia kulipa.

Sasa narudi kwa walimu na wanafunzi, maana nyinyi ndio niliokusudia kusema nanyi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 ulileta sanaa na kazi za mikono katika shule za msingi, na masomo hayo yalitahiniwa. Wazazi walilalamikia gharama ya vifaa, na malalamiko yao yalikuwa na msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mitihani ikapunguzwa, na masomo yasiyotahiniwa yakageuka kivuli: yalikuwamo katika ratiba ukutani, lakini kipindi chake kilitumiwa kufanya hesabu. Tangu mwaka wa 2019 mtaala wa umilisi umekuwa ukifundishwa kote nchini, mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka wa 2023, na katika sekondari ya juu kumewekwa mkondo mzima wa sanaa na michezo. Karatasi, basi, imekwisha kukubali. Kilichobaki ni sisi.

Nasema hivyo kwa kuwa nahofia tutarudia kosa lile lile kwa sura mpya. Mkondo wa sanaa unaweza kugeuzwa jalala la kuwatupia wale tuliokwisha kuwahukumu kuwa hawana akili ya sayansi. Maisha ya Mutisya yanatukanusha waziwazi. Mchongaji hupima kwa jicho, huujua mti unaopasuka na usiopasuka, huelewa uzito utakaomfanya tembo asimame kwa miguu yake minne bila kuanguka. Hiyo ni sayansi iliyopitia mikononi. Hata wali una sayansi yake: kiasi cha maji, nguvu ya moto na wakati wa kufunika. Anayeupika vizuri kila siku amefanya majaribio mengi kuliko wengi wa wanafunzi wetu katika maabara.

Na yule msichana wa filamu za sayari? Mwaka wa 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitoa filamu fupi iitwayo Pumzi. Ni hadithi ya kubuni ya Afrika Mashariki ya miaka ijayo, nchi isiyo na maji, na ya mwanamke anayejitolea ili mche mmoja upate kukua. Filamu hiyo ilionyeshwa na kusifiwa ng'ambo. Nikiifikiria pamoja na ile mihugu iliyotoweka, naona kwamba hata kuwazia mambo ya sayari za mbali kunaweza kumrudisha mtu kwenye udongo wa kwao.

Sisemi kwamba kila uraibu utazaa chama cha ushirika. Wala sisemi kwamba uraibu usiozaa fedha hauna maana, kwani Mutisya alipenda kuchonga kabla ya kujua kwamba kuna mnunuzi. Nasema tu kwamba hatuwezi kujua mapema ni kipi kitakachozaa, na kwa hiyo si haki yetu kukivunja kingali kichanga. Mwanafunzi naye ana wajibu wake. Uraibu wa kutazama tu, pasipo kujaribu kwa mikono, haukumfikisha mtu popote. Mutisya alitazama, kisha akachukua tezo.

Walimu wenzangu, muhula huu fanyeni jambo moja dogo. Waulizeni wanafunzi wenu wanafanya nini wakiwa hawajaamrishwa na mtu, nanyi myasikilize majibu yao bila kucheka. Kisha wapelekeni Wamunyu wakaone kazi inavyofanywa, na mkiwa njiani watajieni jina la Mutisya wa Munge.