Carl Sagan: Mwanasayansi aliyepika ukungu wa mwezi Titan ndani ya chupa

Watu wengi wanamkumbuka Carl Sagan kama yule Mmarekani mwenye koti la rangi ya mchanga aliyeelezea nyota kwenye televisheni. Kipindi chake cha Cosmos kilianza kurushwa mwaka 1980 kikiwa na sehemu 13, na kilitazamwa na mamia ya mamilioni ya watu duniani.

Lakini wanaanga wa leo wanamhitaji kwa jambo jingine kabisa, tena halina mvuto wa televisheni. Ni uchafu wa kahawia, unaonata kama lami, uliogandia kwenye kuta za chupa za kioo katika maabara yake mjini Ithaca, jimbo la New York.

Uchafu huo ndio uliosaidia kueleza kwa nini baadhi ya dunia za barafu zilizo mbali sana na Jua zina rangi ya machungwa au nyekundu, na kwa nini mwanga haupenyi vizuri kwenye anga zake.

Alikuwa nani hasa?

Mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo

Sagan alizaliwa tarehe 9 Novemba 1934 huko Brooklyn, New York. Baba yake, Samuel, alikuwa Myahudi aliyehamia Marekani kutoka eneo ambalo leo ni Ukraine, akafanya kazi katika viwanda vya nguo. Mama yake, Rachel, alikuwa mzaliwa wa New York. Nyumbani hapakuwa na utajiri, lakini kitabu hakikukosekana.

Akiwa mdogo sana alikwenda maktaba kuomba kitabu cha nyota. Akaletewa kitabu chenye picha za waigizaji wa Hollywood! Alipopewa kitabu sahihi, akasoma jambo lililomshika maisha yake yote: kumbe Jua nalo ni nyota, na nyota nyingine ni majua yaliyo mbali.

Akiwa na miaka 16 tu aliingia Chuo Kikuu cha Chicago. Hapo alikutana na watu wawili walioamua mwelekeo wa maisha yake.

Wa kwanza ni Gerard Kuiper, mwanaanga mzaliwa wa Uholanzi. Mwaka 1944 Kuiper aligundua gesi ya metheni kwenye Titan, mwezi mkubwa kuliko yote inayoizunguka sayari ya Zohali. Ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa kwamba mwezi unaweza kuwa na anga yake yenyewe. Kuiper ndiye aliyemsimamia Sagan katika shahada ya uzamivu, aliyoipata mwaka 1960.

Wa pili ni Harold Urey, bingwa wa kemia. Mwanafunzi wake, Stanley Miller, alitangaza mwaka 1953 jaribio lililotikisa dunia. Alichanganya metheni, amonia, hidrojeni na mvuke wa maji ndani ya vyombo vya kioo, akapitisha cheche za umeme. Zikapatikana asidi za amino, yaani vitu vinavyojenga protini za viumbe hai.

Ila kulikuwa na kitu kingine kwenye vioo vile: utando wa kahawia, mzito, unaonata. Kwa wanakemia wengi, lami ya namna hiyo ni kero ya kuosha vyombo. Sagan aliitazama kwa jicho jingine.

Alinyimwa kazi Harvard

Safari haikuwa nyepesi. Alifundisha Harvard miaka ya 1960, akaandika makala nyingi za kisayansi, lakini chuo kikakataa kumpa ajira ya kudumu. Baadhi ya wakubwa walimwona anarukaruka kutoka somo moja hadi jingine na anapenda mno kuonekana. Urey mwenyewe aliandika barua isiyomsaidia. Miaka michache baadaye mzee huyo alimwomba radhi.

Mwaka 1968 Sagan akahamia Chuo Kikuu cha Cornell, Ithaca, akaongoza maabara ya masomo ya sayari. Mlango mmoja ulifungwa, mwingine ukafunguka.

Huko alifanya kazi bega kwa bega na mwanafizikia mzaliwa wa India, Bishun Khare. Jina la Khare halijulikani mitaani, lakini bila yeye hadithi hii haipo. Sagan alikuwa mtu wa mawazo makubwa. Khare alikuwa mtu wa mikono: kuunganisha mirija ya kioo, kuvuta hewa yote itoke, kuingiza gesi kwa vipimo, kuwasha umeme, kusubiri, kisha kukwangua kilichoganda.

Chupa ikageuka anga

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, kwa lugha nyepesi.

Chukua chombo cha kioo. Weka gesi zile zile zinazodhaniwa kuwepo kwenye anga ya sayari fulani. Kisha zipige kwa nishati: cheche za umeme, mwanga wa urujuanimno au chembe zenye chaji. Nishati hiyo inafanya kazi ambayo kule juu inafanywa na Jua na chembe zinazonaswa na sumaku za sayari kubwa. Molekuli zinavunjika, vipande vinaungana upya, vinakua, na mwisho vinakuwa chembe ngumu za kahawia.

Mwaka 1973 Khare na Sagan waliandika kuhusu mawingu mekundu yanayoweza kutokea kwa njia hiyo kwenye anga zenye gesi za aina hii. Mwaka 1979 wakatoa makala katika jarida la Nature na kuupa uchafu ule jina: tholini, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya tope au kitu kisicho angavu.

Mwaka mmoja tu baadaye, ukafika wakati wa kupima wazo lao.

Voyager 1 yafika, haioni kitu

Novemba 1980 chombo cha Voyager 1 kilipita karibu na Titan. Njia yake ilipangwa makusudi kwa ajili ya mwezi huo, na gharama yake ilikuwa kubwa: kikishapita hapo, kisingeweza tena kwenda sayari nyingine yoyote.

Picha zilipofika, wengi walivunjika moyo. Ardhi haikuonekana. Kilichoonekana ni tufe la rangi ya machungwa, limefunikwa gubigubi na ukungu.

Vipimo vingine vya chombo hicho vilionyesha kwamba anga ya Titan kwa sehemu kubwa ni nitrojeni, pamoja na metheni. Mgandamizo wake kwenye ardhi ni karibu mara moja na nusu ya ule wa Dunia. Baridi yake ni kama nyuzi joto 179 chini ya sifuri, na maji huko ni magumu kama mwamba.

Sasa Khare na Sagan walikuwa na orodha sahihi ya gesi. Wakarudi maabara na mchanganyiko wa asilimia 90 nitrojeni na asilimia 10 metheni, kwa mgandamizo mdogo sana, wakawasha umeme. Tholini ya Titan ikaganda kama utando mwembamba.

Swali likawa: utando huu unakula mwanga kiasi gani?

Namba zilizodumu

Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kusema ukungu una rangi ya machungwa haitoshi. Mwanasayansi anataka kujua, kwa kila aina ya mwanga, ni sehemu gani inapinda, ni sehemu gani inamezwa na ni sehemu gani inapita. Bila namba hizo huwezi kukokotoa joto la sayari wala kueleza picha ya darubini.

Wakishirikiana na wenzao, akiwemo Edward Arakawa wa maabara ya taifa ya Oak Ridge, Tennessee, walipima tholini yao kuanzia eksirei laini hadi maikrowevu. Hakuna kifaa kimoja kinachoweza kupima upana wote huo, hivyo mbinu mbalimbali zilitumika kisha matokeo yakaunganishwa. Makala ilitoka mwaka 1984.

Matokeo? Tholini inameza sana mwanga wa urujuanimno na wa bluu. Ukielekea kwenye nyekundu, inameza kidogo zaidi na zaidi. Ndiyo maana kinachorudi machoni mwetu ni rangi ya machungwa. Ukivuka nyekundu na kuingia infraredi ya karibu, ukungu unaanza kuwa mwepesi, mpaka baadhi ya mwanga unapenya hadi ardhini.

Hawakuishia kwenye gesi. Walichukua pia barafu ya maji iliyochanganywa na ethani, katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, wakaipiga kwa chembe zenye chaji. Nayo ikatoa tholini. Hapo hoja ikapanuka hadi kwenye vimondo vyenye mkia na dunia ndogo za barafu za pembezoni.

Moshi wa nyuklia

Ukiangalia vizuri, maisha ya Sagan yote yalikuwa ya kuuliza swali moja: mwanga wa Jua ukikutana na vitu vilivyoelea angani, nini kinatokea?

Aliuliza kuhusu Zuhura, akaonyesha kwamba joto lake kali linaweza kuelezwa na hewa ya ukaa na mvuke unaozuia joto lisitoke. Akauliza kuhusu Mirihi, akasema mabadiliko ya rangi yaliyodhaniwa kuwa mimea ni vumbi linalopeperushwa na upepo.

Mwaka 1983 akauliza kuhusu Dunia. Yeye na wenzake wanne, wawili kati yao wakiwa waliwahi kuwa wanafunzi wake, walikokotoa kwamba vita vya nyuklia vingechoma miji, na masizi yangepanda juu na kuufunika mwanga wa Jua. Ardhi ingepoa, mazao yangekufa, na njaa ingefika hata kwa nchi zisizohusika na vita. Kilele cha Vita Baridi, maneno hayo yalimletea maadui wengi. Hakunyamaza.

Alikosea pia. Mwaka 1991, visima vya mafuta vya Kuwait vilipochomwa moto, alitahadharisha kwamba moshi ungeweza kuvuruga hali ya hewa hadi Asia ya Kusini. Moshi haukupanda juu kiasi hicho. Baadaye aliliandika kosa hilo waziwazi kitabuni mwake, maana aliamini sayansi isiyokiri makosa si sayansi.

Sifa na wivu

Umaarufu ulimpa mengi. Alishinda Tuzo ya Pulitzer mwaka 1978. Aliongoza kamati iliyotengeneza rekodi za dhahabu zilizobebwa na Voyager mwaka 1977, zenye salamu katika lugha 55. Kiswahili hakimo, ila Kiganda kimo, na umo pia wimbo wa wasichana wa Kimbuti kutoka msitu wa Ituri, Kongo.

Lakini umaarufu huo huo ulimgharimu. Mwaka 1992 Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilikataa kumpokea kuwa mwanachama. Wapo waliosema aliyezoea kamera hawezi kuwa mwanasayansi wa kweli. Miaka miwili baadaye akademia hiyo hiyo ikampa medali ya heshima kwa kuitumikia jamii.

Aliondoka kabla ya jibu

Katikati ya miaka ya 1990 aliugua ugonjwa wa uboho. Dada yake, Cari, alimchangia uboho wake. Haikutosha. Sagan alifariki kwa nimonia tarehe 20 Desemba 1996 mjini Seattle, akiwa na miaka 62. Aliacha mke, Ann Druyan, na watoto watano.

Chombo cha Cassini kiliondoka Duniani Oktoba 1997, miezi kumi baada ya kifo chake. Tarehe 14 Januari 2005 kifaa cha Huygens, kilichobebwa na Cassini, kilishuka kwa parachuti ndani ya ukungu wa Titan na kutua. Kilionyesha mawe ya barafu chini ya mbingu ya rangi ya machungwa. Nayo Cassini, kwa kutumia rada na infraredi, iliona maziwa ya metheni na ethani.

Je, ukungu halisi ulifanana na ule wa chupa? Kwa sura ya jumla, ndiyo. Kwa undani, si kila mahali. Vipimo vya Huygens vilitofautiana na vya maabara kwenye baadhi ya aina za mwanga, na maabara nyingine zimeonyesha kwamba ukibadilisha mgandamizo, nishati au kiasi cha gesi, unapata tholini tofauti. Kazi bado inaendelea.

Mwaka 2015 chombo cha New Horizons kilipita Pluto na kukuta tabaka za ukungu na maeneo mekundu juu ya barafu yake. Maelezo ya kwanza kutajwa yalikuwa tholini.

Leo mtafiti anayetaka kukokotoa ukungu wa sayari inayozunguka nyota nyingine bado anaanza, mara nyingi, na jedwali la mwaka 1984 lililopimwa kutokana na ile lami. Wengine wangeiosha na kuitupa.