Bessie Coleman: dada aliyefungua mkanda angani

Leo siasa naiweka pembeni. Nataka niwape habari za dada mmoja Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1926, wakati babu yangu hata hajaoa. Najua mtauliza, sisi wa Handeni na Korogwe anatuhusu nini? Subirini kwanza. Ili mnielewe inabidi nianzie juu ya fuso la mahindi.

Ilikuwa mwaka 2004. Nilikuwa nimekwenda Handeni kumsalimia mshkaji wangu mmoja tuliyesoma naye sekondari. Wakati wa kurudi Korogwe tukaamua twende wote. Barabara ile ni kilomita kama 65, na enzi hizo lami ilikuwa bado, vumbi tu na mashimo. Nauli haikutosha, tukaomba lifti kwenye fuso lililopakia magunia mpaka juu. Mshkaji akachukua kamba ya katani, akanizungushia kiunoni, akaifunga kwenye kamba ya turubai. Na yeye akajifunga. Nilimcheka sana, nikamwambia ananifunga kama mbuzi anapelekwa mnadani.

Tulipopita Sindeni upepo ukanivua kofia, ikanasa ubavuni mwa gari. Bila kumwambia mtu nikafungua ile kamba, nikainama nichungulie. Hapo hapo gari likaingia kwenye shimo. Ninachokumbuka ni tairi la nyuma, naliona linazunguka chini yangu. Mshkaji alinidaka mkanda wa suruali akanirudisha juu. Hakunigombeza. Alinifunga tena ile kamba, mafundo matatu, akanyamaza mpaka Korogwe. Tulipokaa kunywa chai pale Manundu ndipo nikaona mikono yake inatetemeka, chai inamwagika kwenye sahani. Ya kwangu ilikuwa imetulia kabisa. Mimi sikuwa nimeelewa bado.

Wiki chache baadaye nikaingia kafe ya intaneti, nimelipia nusu saa, natafuta matokeo ya mpira. Nikakutana na picha ya dada mweusi kavaa kofia ya ngozi na miwani ya rubani. Nikaanza kusoma. Nilipofika mwisho wa habari yake nilisahau mpira, nikaongeza nusu saa nyingine. Tangu siku hiyo namfuatilia.

Anaitwa Bessie Coleman. Alizaliwa tarehe 26 Januari 1892 katika mji mdogo wa Atlanta, jimbo la Texas, mtoto wa kumi kati ya 13. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kulima shamba la mtu. Alikulia mji unaoitwa Waxahachie, nchi ya pamba. Shule yao ilikuwa chumba kimoja, anatembea kwa mguu kilomita kama sita kwenda, na msimu wa kuchuma pamba ukifika masomo yanasimama, watoto wote shambani. Ninyi mliokulia kwenye mashamba ya mkonge hapa Korogwe hamhitaji kuelezwa maisha hayo. Hesabu alikuwa anaziweza sana. Baba yake aliondoka mwaka 1901 kwenda Oklahoma, mama akabaki na watoto. Bessie akafua nguo za watu, akadunduliza, mwaka 1910 akaenda chuo huko Langston, Oklahoma. Alimaliza muhula mmoja tu, hela ikakata.

Mwaka 1915 akahamia Chicago kwa kaka zake, akapata kazi ya kutengeneza kucha kwenye kinyozi cha wanaume. Kaka yake mmoja alikuwa ametoka vitani Ufaransa, Vita Kuu ya Kwanza. Huyu kaka alikuwa na tabia ya kumtania dada yake kwamba wanawake wa Ufaransa wanarusha ndege, nyie wa hapa mtaweza wapi. Utani wa ndugu tu. Lakini Bessie akauchukulia kweli.

Akaomba vyuo vya urubani Marekani. Vyote vikamkataa, kwanza mweusi, pili mwanamke. Mzee Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, akamshauri aende Ufaransa. Dada wa watu akajifunza Kifaransa jioni baada ya kazi, akaondoka Novemba 1920. Huko Le Crotoy, kwenye shule ya ndugu wawili wa ukoo wa Caudron, alifundishwa kwenye ndege aina ya Nieuport. Ndege zenyewe za mbao, nyaya na kitambaa. Akiwa pale alimwona mwanafunzi mwenzake akianguka na ndege na kufa. Wangapi tungebaki? Yeye alibaki. Tarehe 15 Juni 1921 akapewa leseni ya kimataifa, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kuipata.

Sasa, rubani mweusi Marekani ya wakati ule nani amwajiri? Njia iliyobaki ilikuwa maonyesho. Rubani anapinduka na ndege, anazunguka, anashuka kama anaanguka halafu ananyanyuka, watu wanalipa kiingilio. Onyesho lake la kwanza alilifanya tarehe 3 Septemba 1922 karibu na New York. Februari 1923 huko California injini ilizimika mara tu baada ya kuruka. Alivunjika mguu na mbavu zikapata ufa. Akiwa kitandani akatuma simu ya maandishi kwamba akipona tu ataruka tena. Na kweli alirudi.

Hapa niseme kidogo kuhusu miamvuli ya kurukia, maana ndiyo iliyomfikisha mwisho wake. Siku hizi tumeona kwenye sherehe za kitaifa askari wa JWTZ wakishuka kutoka angani, na pwani ya Diani, Kenya, kuna watu wanalipa hela zao waruke kwa raha zao. Mtu akiruka anashuka kwa kasi ya kama kilomita 200 kwa saa mpaka mwamvuli ufunguke. Mgongoni ana mwamvuli mkubwa na mwingine wa akiba. Enzi za Bessie mambo yalikuwa bado. Miamvuli mingi ilifunguliwa na kamba iliyofungwa kwenye ndege yenyewe: ukiruka, kamba inavuta, mwamvuli unachanua. Mwaka 1914 huko San Diego, mwanamke mwingine, Georgia Broadwick, aliyepewa jina la Tiny kwa udogo wa umbo lake, kamba yake ilinasa kwenye mkia wa ndege. Alipona, na mara iliyofuata akaikata kamba ile, akaruka na kuufungua mwamvuli kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo mchezo huu ulivyoanza, kwa mtu aliyenusurika kufa akarudi kuruka.

Watazamaji walipenda sana kuona mtu anaruka. Mwaka 1925 Bessie alikuwa Texas akifanya maonyesho, na kwenye onyesho moja mwanamke aliyepangiwa kuruka na mwamvuli aliingiwa na woga akakataa. Bessie hakumlazimisha mtu. Alivaa mwamvuli mwenyewe, akaruka, akatua mbele ya watu. Mimi huyo mwanamke aliyekataa simcheki. Kukataa mbele ya umati uliolipa kiingilio nako kunataka moyo.

Kitu kingine cha kujua kuhusu Bessie: kuna mambo alikuwa hakubali hata kwa fedha. Alipotakiwa kufanya onyesho Waxahachie, kule alikokulia, waandaaji walitaka wazungu waingie mlango wao na weusi mlango wao. Akasema hataruka. Ikabidi uwe mlango mmoja, ingawa ndani walikaa mbalimbali. Aliwahi pia kuacha filamu waliyotaka aigize amevaa matambara. Na kila alikopita alihubiri jambo moja, kwamba anakusanya fedha afungue shule ya urubani kwa watu weusi. Ile hatari yote ilikuwa kwa ajili ya hiyo shule.

Mwaka 1926 akiwa Florida alipata msaada wa tajiri mmoja, akamalizia deni la ndege yake iliyokuwa Dallas. Ndege aina ya Jenny, masalia ya jeshi, imechoka. Fundi wake, kijana wa kizungu wa miaka 24 aitwaye William Wills, akairusha kutoka Texas mpaka Jacksonville. Njiani alilazimika kutua zaidi ya mara moja kwa sababu ya ubovu. Ndugu na marafiki wa Bessie waliposikia walimsihi asiipande. Onyesho lilikuwa tarehe 1 Mei, nalo lilikuwa limeshatangazwa.

Asubuhi ya tarehe 30 Aprili 1926 Bessie na Wills wakapaa kukagua uwanja. Wills ndiye aliyerusha. Bessie alikaa kiti cha pili, na alikuwa hakufunga mkanda. Wadau, sababu yake ndiyo iliyonifanya niache kusoma siku ile pale kafe. Kesho yake alikuwa aruke na mwamvuli, na alitaka kuinama ukingoni achungulie chini achague pa kutua. Akiwa amefunga mkanda alikuwa haoni.

Baada ya kama dakika kumi ndege ikainamisha pua ghafla, ikazunguka, ikapinduka. Bessie akatoka. Hakuwa na mwamvuli mwilini, ule ulikuwa wa kesho. Alikufa pale pale alipoanguka, ana miaka 34. Wills alibaki ameshika usukani mpaka ndege ikajibamiza chini, naye akafa. Halafu jamaa mmoja wa waandaaji, kwa kuchanganyikiwa, akawasha kiberiti avute sigara. Petroli ilikuwa imemwagika, mabaki yote yakawaka moto. Walipochunguza baadaye walikuta spana imekwama kwenye mitambo ya kuongozea ndege. Spana ya fundi. Wote wawili waliuawa na kitu cha kutoshea mfukoni.

Mazishi yake Chicago yalihudhuriwa na watu maelfu, na mama Ida B. Wells, yule mwanaharakati maarufu, ndiye aliyeongoza ibada. Shule hakuiona. Lakini mwaka 1929 rubani mweusi William Powell alianzisha Los Angeles klabu ya urubani yenye jina la Bessie. Mwaka 1992 Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda anga za juu, alibeba picha ya Bessie kwenye safari ile. Mwaka 1995 Marekani ikatoa stempu yake, na mwaka 2023 sarafu.

Kila ninapoona anasifiwa huwa wanaandika kwamba hakujua woga. Mimi siamini. Mtu aliyemwona mwenzake akifa mazoezini, aliyevunjika mguu na mbavu, woga anaujua kuliko sisi. Alijifunza kuusukuma pembeni, na mara nyingi ilimsaidia. Tatizo ni kwamba ukizoea kuusukuma, siku moja unausukuma hata ule uliokuwa unakuambia kitu cha maana. Ndege ilishatua kwa dharura njiani. Marafiki walishasema. Tangazo lilishabandikwa.

Wanaoruka na miamvuli siku hizi wana desturi moja naipenda. Kabla ya kutoka kwenye ndege, kila mmoja anamgeukia mwenzake amkague mgongoni, maana mzigo wako wa mgongoni wewe huuoni. Hata aliyeruka mara elfu anakaguliwa, na hakuna anayeona ni dharau. Akikuambia kuna kitu hakijakaa sawa, huruki. Nadhani hilo ndilo Bessie alilopungukiwa asubuhi ile. Marafiki alikuwa nao wengi na walimpenda, ila hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumwambia dada bado, akashuka.

Mimi nilikuwa naye mtu huyo juu ya fuso, na nilimcheka.

Mshkaji wangu siku hizi anaendesha bodaboda Handeni. Ana helmeti mbili, na abiria asiyevaa hapakii, hata kama ni mzee wa heshima. Wenzake kijiweni wanamtania. Mwaka juzi nilimpigia simu nikamsimulia habari yote ya Bessie, na mwishoni nikamshukuru kwa ile siku ya Sindeni. Nilikuwa nimechelewa karibu miaka 20. Alikaa kimya kidogo, halafu akaniuliza habari za yule fundi, Wills. Alitaka kujua kama naye alikuwa na mtu wa kumlilia, na kwa nini yeye hakuwekwa kwenye stempu. Sikuwa na jibu.

Haya wadau, tupieni maoni hapo chini. Wewe ni nani anayekukagua mgongo, na ukiambiwa bado, unashuka? Matusi sitaki, nitayafuta.