Paul Janssen, muganga wa Ubelgiji aliyeleta Motilium: dawa ya kutapika iliyosaidia wengi na kuua wengine

Jina la Paul Janssen halitajwi sana mjini Likasi, lakini dawa zake zinajulikana. Vermox ya minyoo, Imodium ya kuhara, Motilium ya kutapika: zote tatu zilitoka katika maabara aliyoiongoza huko Ubelgiji. Muganga huyo alifariki mwaka 2003. Kati ya dawa hizo, Motilium ina historia ambayo kila jamaa yenye mgonjwa wa kansa inafaa kuijua. Ilisaidia wagonjwa kuvumilia matibabu, lakini ilipotolewa kwa kipimo kikubwa, wengine walikufa ghafla.

Paul Janssen alizaliwa tarehe 12 Septemba 1926 katika mji wa Turnhout, kaskazini mwa Ubelgiji. Eneo lile lilikuwa tayari na uhusiano na Likasi, mji ambao baadaye wakoloni waliuita Jadotville. Madini ya Shinkolobwe, kilometa kama 20 kutoka Likasi, yalisafirishwa hadi kiwanda cha Olen, si mbali na Turnhout. Huko kampuni Union Minière ilitoa radium, ambayo waganga wa Ulaya na Marekani waliitumia kutibu kansa.

Baba yake, Constant Janssen, alikuwa pia muganga. Mwaka 1933 alipata haki ya kuuza dawa za kampuni Richter ya Hungaria katika Ubelgiji, Uholanzi na Kongo ya Wabelgiji. Paul alikuwa na miaka 7. Hivyo Kongo iliingia katika hesabu za biashara ya jamaa hiyo mapema sana.

Jambo lililomsukuma kusomea uganga lilikuwa msiba wa nyumbani. Dada yake mdogo alifariki akiwa na miaka 4 tu, baada ya kifua kikuu kuingia kwenye utando wa ubongo. Wakati ule hakukuwa na dawa ya kumponya.

Janssen alianza chuo kikuu Namur, kwa mapadri wa Kijesuiti, wakati wa vita kuu ya pili. Kisha aliendelea Leuven na Ghent, ambako alimaliza masomo ya uganga mwaka 1951. Mwaka 1948 alikuwa amefunga safari ya kwenda Marekani kuangalia maabara za huko. Alikuwa hodari sana wa mchezo wa chesi, na fedha alizoshinda kwa mchezo huo zilimsaidia kuishi safarini.

Mwaka 1953 baba yake alimkopesha franka 50.000 za Ubelgiji. Kwa fedha hizo alianzisha maabara ndogo katika jengo la kampuni ya baba yake huko Turnhout. Njia yake ya kazi ilikuwa kuchukua dawa moja, kuibadilisha kidogo kidogo, na kujaribu haraka kila umbo jipya. Mwaka 1958 maabara hiyo ilitoa haloperidol, dawa ya ugonjwa wa akili. Mwaka 1961 kampuni yake ilinunuliwa na Johnson & Johnson ya Marekani, lakini Janssen aliendelea kuongoza utafiti.

Haloperidol ilionyesha jambo lingine: inazuia pia kutapika. Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo ambayo kazi yake ni kuonja damu. Ikikuta sumu, inaamuru tumbo litapike. Dawa nyingi za kansa, zile za kemoterapia au shimio kama wengi wanavyosema, mwili unazipokea kama sumu. Ndiyo sababu roho ya mgonjwa inachafuka hata kama hajala kitu kibaya. Haloperidol inazima ishara hiyo, lakini inaingia pia ndani ya ubongo, na inaweza kumletea mgonjwa usingizi au kukaza viungo vyake.

Kikundi cha Janssen kikatafuta dawa ambayo ingezima ishara hiyo bila kuingia sana ubongoni. Mwaka 1974 ilipatikana domperidone, iliyouzwa kwa jina la Motilium.

Ilifika wakati ambapo waganga walihitaji msaada huo sana. Katika miaka ya 1970 dawa ya kansa inayoitwa cisplatin ilianza kuenea. Ilikuwa na nguvu dhidi ya uvimbe, lakini ilitapisha vibaya sana, na kwa mgonjwa anayetapika hivyo ni vigumu kurudi kupokea serumu ya pili. Waganga wakaanza kutoa domperidone kwa sindano ya mshipani, kwa kipimo kikubwa. Kwa wagonjwa kadhaa wa kansa mapigo ya moyo yalivurugika, na baadhi yao walikufa. Katikati ya miaka ya 1980 sindano hiyo iliondolewa sokoni. Vidonge vilibaki.

Mwaka 2014 wakubwa wa dawa katika Umoja wa Ulaya walikaza masharti ya vidonge pia. Kwa mtu mzima ni miligramu 10, si zaidi ya mara tatu kwa siku, na kwa kawaida si zaidi ya wiki moja. Mwenye ugonjwa wa moyo asiitumie ikiwa moyo wake uko katika hali ya hatari. Tena isichanganywe na ketoconazole, dawa ya kuvu ambayo nayo ilitoka katika maabara ya Janssen.

Leo dawa nyingine zimetangulia katika kuzuia kutapika kwa shimio. Ondansetron, iliyoingia sokoni karibu na mwaka 1990, mara nyingi hutolewa pamoja na dexamethasone. Zinatolewa kabla ya serumu ya kansa kuanza, kwa sababu kutapika kukisha kuanza ni vigumu kukuzima. Ondansetron nayo inaweza kugusa mwendo wa moyo, kwa hiyo kuongeza Motilium juu yake bila muganga kujua ni hatari.

Janssen alifariki Roma tarehe 11 Novemba 2003, akiwa na miaka 77. Maabara zake zilikuwa zimetoa dawa zaidi ya 80, na miaka yake ya mwisho aliitumia kutafuta dawa za ukimwi.

Kwa mgonjwa anayetibiwa Lubumbashi kisha anarudi Likasi, safari ya kilometa kama 120, kutapika kunaweza kuanza njiani, au siku ya pili akiwa nyumbani. Afadhali aulize kabla ya kuondoka hospitalini ni vidonge gani atumie na kwa siku ngapi, na amuonyeshe muganga dawa zote anazotumia, hata zile alizojinunulia farmasia. Nyumbani, maji kidogo kidogo na chakula kidogo mara nyingi vinasaidia kuliko sahani moja kubwa. Akishindwa kushika hata maji siku nzima, akikojoa kidogo sana, akitapika damu, akipata homa, au moyo ukienda mbio na kizunguzungu, arudishwe hospitalini siku hiyohiyo.